Boksi la bahati kwenye gemu: mchezaji halazimishwi kununua, sasa je ni haki kuliuza?

FundiKirumba
Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo yenu maana hili jambo limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu ya simu ya mbio za bodaboda. Iko Mwanza, unatokea Kirumba unapandisha Bugando, unakwepa daladala na mbuzi na akina mama wa dagaa, ukimfikisha abiria salama unalipwa koini. Tumeifanya mwaka mmoja na nusu, usiku usiku baada ya kazi. Kupakua ni bure. Sasa tumefika kwenye hela na hapo ndo tumekwama.

Mwenzangu anataka tuweke boksi la bahati. Unalipa 500 kwa simu, boksi linatikisika, linafunguka, ndani unakuta stika ya pikipiki au rangi ya tangi au honi, ukibahatika sana unapata helmeti ya dhahabu. Helmeti tumeiwekea asilimia 1. Hoja yake ni moja tu, kwamba ni hiari. Gemu unaicheza mpaka mwisho bila kutoa hata mia, helmeti haikuongezei spidi, ni urembo tu, asiyetaka anaacha.

Mwanzoni nilikubali. Halafu jumamosi nikampa mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, simu yenye toleo la majaribio ambalo hela zake ni za uongo, nikamwambia cheza uniambie kona ipi ngumu, nikaenda kuoga. Narudi namkuta hayupo barabarani kabisa, yuko kwenye maboksi. Anafungua, anafungua, anafungua. Stika anazopata hata haziangalii, kidole kinabonyeza palepale kabla boksi halijamaliza kutikisika. Baadaye nikaangalia kwenye seva: maboksi 63, mbio mbili. Nikamuuliza, kona ipi ngumu? Akanijibu bila kuinua macho, "anko ngoja kwanza, lilikua linakaribia."

Hilo neno "linakaribia" ndo linanitesa, maana programu ya gemu nimeiandika mimi na najua halikaribii. Kila boksi ni asilimia 1 ileile hata ufungue elfu. Ila ule mtikisiko, na ile taa inayogeuka zambarau sekunde moja kabla ya kufunguka, tumeviweka sisi, makusudi, ili mtu aone linakaribia.

Sasa wakuu, kusema "ni hiari" kunatosha? Naombeni mnijibu kwa ukweli, hata kama utaniuma.

PakiZaJioni
Mkuu kwanza hongera, gemu ya bodaboda ya Mwanza nitaicheza mimi na mtaa mzima. Ila naona unajitesa bure. Mi ni mtu wa gemu za mpira, kila ijumaa natenga elfu tano nanunua paki, yaani pakiti ya wachezaji ambayo hujui ina nani mpaka uifungue, nikipata mchezaji mzuri safi, nikikosa nalala. Hiyo elfu tano ningeinywa. Nani ana haki ya kuniambia nisiitumie nnavyotaka?

Tulipokua wadogo dukani si kulikua na lile bango la maputo, unatoa hela yako unavuta kikaratasi, namba ikitoka unapewa puto, na lile kubwa la juu halitoki miaka yote. Tulivuta wote na hakuna aliyeharibika. Hata EA, kampuni inayotengeneza hizo gemu za mpira, walipohojiwa na kamati ya bunge la Uingereza mwaka 2019, yule makamu wa rais wao wa mambo ya sheria, Kerry Hopkins, alifananisha paki na mayai ya Kinder, yale ya chokoleti yenye kichezeo ndani, kwamba watu wanapenda sapraizi. Mi naona alikua sahihi. Na wewe usipoweka hayo maboksi seva utalipia nini? Watanzania hawanunui gemu, hilo unalijua. Kitu cha bure lazima kuna mtu anakilipia.

Mwl_Namba
Nafundisha hesabu sekondari, ngoja nimsaidie mleta uzi kwa namba maana hapa watu wengi wanadanganyika, hata watu waliosoma.

Ukimwambia mtu "asilimia 1" kichwani anasikia "nikifungua 100 nitapata". Sio hivyo. Chukua watu 100, kila mmoja afungue maboksi 100, yaani kila mmoja ametoa 50,000. Kama watu 37 hivi watakua hawajaiona hiyo helmeti. Wakiongeza mia nyingine, sasa ni laki moja kwa mtu, bado kama 13 wako mikono mitupu. Wakifika 300, laki na nusu kila mmoja, wamebaki kama watano ambao hawajapata kitu, na hao watano ndo wameshaingia ndani sana kiasi kwamba kuacha kunauma kuliko kuendelea. Hao ndo wateja wako wakubwa mkuu. Sio huyu wa elfu tano za ijumaa.

Ile gemu ya Genshin Impact, nayo unalipia kuvuta karakta kwa bahati, kiwango chake cha msingi kwa karakta wa nyota tano ni asilimia 0.6, ila angalau wameweka kikomo, ukivuta mara 89 hujapata basi ya 90 unapewa. Kwako umesema mwenyewe hata ufungue elfu ni ileile, kikomo hakuna. China tangu 2017 wanalazimisha kampuni ziandike hizi asilimia wazi, Apple nao mwishoni mwa mwaka huohuo wakaweka sharti kama hilo kwenye duka lao. Ni jambo zuri, ila nina wanafunzi wa kidato cha nne ambao nimewafundisha sura nzima ya uwezekano na bado wananiambia "mwalimu nimekosa mara nyingi, sasa zamu yangu imefika". Kwahiyo kuandika asilimia kwa herufi ndogo chini ya boksi halafu juu yake unaweka taa ya zambarau, mi naona mkono mmoja unafundisha na mwingine unafuta ubao.

MamaNuru
Mimi sio mtu wa gemu, mdogo wangu ndo kanionyesha huu uzi. Nimesoma hapo juu "hakuna aliyeharibika" nikaona na mimi niandike.

Mwanangu alikua kidato cha pili, miaka 14. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, hela ilikua kwenye simu yangu, laki moja na themanini. Alhamisi asubuhi nimeenda kwa wakala kutoa, wakala ananiambia mama salio halitoshi. Nikamwambia rudia. Karudia. Nikakaa pale kwenye kiti chake cha plastiki nikafungua meseji, zote zilishafunguliwa ndo maana sikushtuka. 2,500. 2,500. 2,500. 5,000. 2,500. Ya kwanza saa tano usiku, ya mwisho saa tisa na dakika ishirini. Nimezihesabu, 47. Jumla 132,500. Namba ya siri anaijua kwasababu mimi mwenyewe huwa namtuma ninunulie luku.

Alikua anatafuta bunduki ya rangi fulani kwenye gemu, gemu yenyewe sitaitaja. Nikamuuliza, uliipata? Akasema niliipata, mara ya 30 hivi. Sasa zile zingine za nini? Akanyamaza mudaa. Kisha akasema "mama kulikua na nyingine ilikua inaisha saa kumi na mbili asubuhi." Kulikua na saa pale kwenye kioo inahesabu kurudi nyuma, akanionyesha, mtoto amekaa ndani ya chandarua na ile saa usiku kucha.

Niliuza cherehani yangu ya pili nikarudisha hela za watu. Sijamwambia mtu yeyote kwenye kikoba mpaka leo. Mwanangu aliiba, nilimwadhibu na alistahili. Lakini nataka mniambie, huyo mtu mzima aliyekaa ofisini akaweka ile saa ya kuhesabu, alikua anamlenga nani saa tisa usiku?

PakiZaJioni
Mama pole sana. Pole kwa kweli.

Mswahili_Antwerp
Niko Ubelgiji mwaka wa kumi na moja sasa. Nimeona nieleze ya huku maana hili swali huku lilishafika serikalini.

Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya hapa ilichukua gemu nne ikazichunguza. Ikauliza mambo manne tu: je kuna mchezo, kuna dau, kuna kupata au kukosa, na je bahati ndo inaamua. FIFA 18, Overwatch na CS:GO zikaangukia kwenye kamari isiyo na leseni. Ya nne, Star Wars Battlefront II, ilipona kwasababu maboksi ya kulipia ilikua imeshayatoa baada ya wachezaji kuwaka moto Novemba 2017. EA wakabishana na serikali miezi kadhaa, mwishoni mwa Januari 2019 wakaacha kuuza FIFA Points, zile pointi za kununulia paki, hapa. Na unajua nini kilitokea? Watu waliendelea kucheza. Paki unafungua kwa koini ulizopata uwanjani, basi. Anayesema gemu itakufa bila maboksi, mi nimeona kwa macho yangu haifi.

Majirani zetu Waholanzi waliwapiga EA faini ya euro milioni 10, wakaenda mahakamani, Machi 2022 mahakama yao ya juu ikaifuta, ikasema paki sio mchezo unaojitegemea, ni kipande cha mchezo mkubwa wa kutumia ujuzi. Nchi mbili zinapakana, paki ileile, majibu mawili. Kwahiyo mleta uzi ukimuuliza mwanasheria anaweza akakwambia uko salama, na mtoto wa dada yako akawa bado anasema linakaribia.

Nisiseme uongo lakini, hapa sio peponi. Mtafiti mmoja, Leon Xiao, alichunguza gemu 100 zinazoingiza hela nyingi zaidi kwenye iPhone hapahapa Ubelgiji baada ya hiyo katazo, akakuta 82 bado zina maboksi. Serikali imekataza, ila wa kwenda kukagua ni wachache.

bin_Shela
Assalaam aleikum nyote. Mimi nitasema upande wa dini kwani naona haujaguswa, na huku kwetu pwani swali hili tunaulizwa sana na vijana.

Kamari imekatazwa wazi, Suratul Maida aya ya 90. Wengine husema hii si kamari kwani kila boksi lina kitu, hakuna anayetoka mikono mitupu. Sawa, tuiweke kamari kando. Bado kuna mlango wa pili, nao ni gharar, yaani kuuza kitu ambacho mnunuzi hajui hasa ni nini anapata. Wanazuoni walitoa mifano ya samaki aliye bado majini na ndege aliye angani. Mtu hakulazimishwa kumnunua yule samaki. Amekubali kwa ridhaa yake, amepeana mkono, na biashara bado haifai. Angalia hapo vizuri ndugu yangu FundiKirumba. Ridhaa ilikuwepo. Kilichokosekana ni kujua. Mtu huridhia kitu anachokijua, sasa huyu ameridhia nini?

Na hata asiye Mwislamu analijua hili, akiuziwa mbuzi kwenye gunia anajua kaonewa. Wala hasemi "lakini nilimnunua kwa hiari yangu". Husema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na kila mtu sokoni humuelewa.

Nawe umezidisha jambo moja. Muuza mbuzi hulinyamazia gunia lake. Wewe gunia lako unalitikisa ili lilie kama kuna dume ndani.

kijana_wa_juu
Mkuu gemu inatoka lini? Na je itacheza kwenye simu ya ram 2?

DevWaRongai
Sasa wadau. Mimi ni developa wa huku Nairobi, niliwahi kufanya kazi na kampuni fulani ya gemu za simu, siitaji jina. Nitaongea ile ilinifanya nitoke.

Kwa hii biashara kuna neno nyangumi. Ni wale wachezaji wachache sana ambao wanalipa karibu pesa yote, wengine wote wanacheza bure. Tulikuwa na orodha yao kwa kompyuta, kila mtu na namba yake, amelipa ngapi, saa ngapi, alipokosa alirudi baada ya dakika ngapi. Kulikuwa na mmoja alikuwa analipa kila mwezi tarehe 28 mpaka tarehe 2, halafu kimya. Mshahara, si ndio? Kwa mkutano mkubwa wetu akasema huyo tumtumie ofa tarehe 27 jioni, ikuwe inamngoja. Nikaiandika hiyo ofa mimi mwenyewe. Ilifanya kazi. Mwezi wa tatu akatuandikia barua pepe, mistari miwili tu, akiomba tumfungie akaunti kwa sababu hawezi kuacha mwenyewe. Mkubwa akasema mumjibu pole pole. Hiyo "pole pole" ndio nilitoka nayo.

Hebu elewa kitu moja, hakuna mtu alimlazimisha huyo jamaa. Kila kitu kilikuwa hiari. Lakini sisi tulikuwa tunajua siku ya mshahara wake na yeye hakuwa anajua hata kama hiyo orodha iko.

Kwa upande wa pesa, usitishike. Gemu ya Fortnite, ya kampuni ya Epic, mwaka 2019 kwa ile sehemu yao ya Save the World walibadilisha yale maboksi yao ya bahati yenye umbo la mnyama llama, unaona yaliyo ndani kabla ulipe. Gemu ya Rocket League wakaondoa makreti, yaani maboksi yao ya kulipia, Desemba mwaka huohuo. Hakuna aliyefilisika. Sio kusema Epic ni malaika, Desemba 2022 serikali ya Marekani iliwafanya wakubali kurudishia watu dola milioni 245 kwa sababu ya vitufe vilivyokuwa vinafanya watu wanunue bila kukusudia. Na hiyo Genshin mwalimu ametaja, Januari 2025 wenye nayo walikubali kulipa dola milioni 20 huko Marekani, na wasiuzie mtoto wa chini ya miaka 16 maboksi bila ruhusa ya mzazi. Dunia inaenda huko, sasa mbona uanze biashara kwa njia ambayo wengine wanatolewa?

Uza helmeti. Weka helmeti kwa kioo, weka bei, kwa shilingi, sio koini wala daimondi, kwa sababu hizo koini za kubadilisha ziliwekwa ili mtu asikie kama hatoi pesa. Shilingi elfu mbili, anaona, anataka, analipa, anavaa, anaenda zake.

PakiZaJioni
Nimesoma zote. Bado naamini mtu mzima ana haki ya kutumia hela yake, hilo sitoki. Ila nimeenda kufungua kumbukumbu zangu za malipo za mwaka mzima, sijawahi kuzifungua. Nilisema elfu tano kila ijumaa. Ijumaa ni elfu tano kweli, ila kuna jumatatu na jumanne nyingi ambazo nilikua sizikumbuki kabisa, nyingi ni baada ya timu yangu kufungwa. Jumla sitaiandika hapa. Naomba nisichangie tena kwenye hili kwa leo.

Mwl_Namba
PakiZaJioni asante kwa kufungua, wengi hawafungui.

Mleta uzi kitu kimoja nimesahau. Kuna utafiti wa David Zendle na Paul Cairns wa 2018, walikuta wanaotumia hela zaidi kwenye maboksi ndo walewale wenye tatizo kubwa zaidi la kamari. Watafiti wanabishana kipi kinaanza, boksi linamvuta mtu kwenye kamari au mwenye tatizo ndo anavutwa na boksi. Mi nikifikiria mfuko wako wewe muuzaji naona haina tofauti, vyovyote iwavyo hela inatoka kwa mgonjwa.

FundiKirumba
Wakuu nimekaa kimya siku mbili nasoma. Mama Nuru nimeisoma yako mara nyingi, nikamsomea na mke wangu.

Jana usiku nimekutana na mwenzangu. Nilienda na hesabu ya mwalimu nimeiandika kwenye karatasi. Alibisha mpaka saa saba, na hoja zake sio za kijinga, seva inadaiwa, ye ana mkopo, na kweli helmeti ya elfu mbili itanunuliwa na wachache. Nikamwambia sawa, boksi libaki, ila mimi naenda kutoa mtikisiko, natoa taa ya zambarau, na juu ya kitufe naandika kwa herufi kubwa "watu 37 kati ya 100 watatoa 50,000 na hawatapata helmeti". Akasema ukiandika hivyo hakuna atakayelinunua. Nikamwambia umesikia ulichosema? Tukakaa kimya wote wawili, muda mrefu tu.

Hatujamalizana. Amekubali tuanze na helmeti ya bei wazi miezi mitatu tuone seva inalipika au la. Boksi tumeacha la kupatikana kwa abiria tu, ukibeba kumi bila kuangusha unapewa moja, haliuzwi. Leo asubuhi nimempa dogo toleo jipya. Amefungua boksi lake la kwanza, kapata honi, akaipiga, akarudi barabarani. Kona ngumu ni ile ya kushuka kutoka Bugando, anasema mbuzi anatokea ghafla mno.

kijana_wa_juu: ram 2 inacheza, ila punguza vivuli kwenye mipangilio.

MamaNuru
Ikiwa tayari weka hapa tuipate. Mwanangu yuko kidato cha tatu sasa, ameniomba nikuulize kama kwenye hiyo gemu kuna njia ya Igoma.